Siku Tuliyoambiwa Kuna Baridi

Nimewahi kudharau watu wengi, mmoja mmoja, kwa sababu zao mbalimbali. Kundi zima kwa mpigo nimelidharau mara moja tu: wale waliokaa katika ukumbi wa nyumba ya wageni ya kampuni ya shaba, pale Kolwezi, mwezi wa kumi, wakitiririka jasho na kuisifu baridi. Walikuwa watu waliosoma. Wengine walisomea Ulaya na kurudi na miwani. Mtu asije kuniambia kwamba hawakujua.

Mimi nilikuwa msimamizi wa vyombo na vitambaa vya meza katika nyumba hiyo. Mume wangu alitunza mashine ya baridi, ile kubwa iliyokaa uani nyuma ya jiko na kusukuma hewa ndani kwa mabomba ya bati. Ndivyo tulivyojuana. Mimi nilikuwa nikipita na mashuka yangu kwenda kuyaanika, yeye yuko chini ya mashine, miguu tu inaonekana, anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya kutaka kusikiwa. Baba yangu alikuwa mfanyabiashara Mwislamu aliyekuja na lori lake kutoka Kasongo. Baba yake yeye aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Baba yangu alipoona nimemchagua Mkristo alikasirika, nami nikamjibu kwamba ana kazi ya kampuni. Kwa mfanyabiashara hilo lilikuwa jibu.

Kazi ya kampuni maana yake ilikuwa nyumba ya matofali ya kuchoma, unga, hospitali, na shule ya watoto. Ukiipoteza, vyote vinarudi kwa mwenyewe, nawe unatoka na godoro lako kichwani huku jirani anakutazama kupitia pazia. Kila mtu katika mtaa wetu alilijua hilo, ndiyo maana kila mtu aliongea kwa sauti ya chini.

Usidhani mume wangu alikuwa mnyenyekevu. Alikuwa na majivuno ya jogoo. Alichana nywele kabla ya kwenda kufungua mashine, kana kwamba mashine ingemtazama. Alipenda kusema kwamba wakubwa wa Kolwezi wanalala usingizi kwa ruhusa yake. Nilimcheka kwa hilo miaka mingi, na bado ningemcheka.

Mashine ilifungwa na Wabelgiji, na ndani ya mlango wa kibanda chake waliacha kibao cha bati chenye maagizo: kila juma fanya hiki, kila mwezi fanya kile, kabla ya joto la mwezi wa tisa fanya haya, kabla ya baridi ya mwezi wa sita, wakati mabomba yaleyale yanaleta hewa ya moto, fanya yale. Osha machujio. Kaza mikanda. Zibua mfereji wa maji yanayodondoka. Pima gesi. Na zaidi ya yote, osha mbavu. Mbavu ni vile vibati vyembamba vya alumini vilivyopangwa kwa maelfu ubavuni mwa mashine. Joto linalochukuliwa ndani ya nyumba hutupwa nje kupitia hapo, na hewa isipopita katikati yake, mashine inajikaba yenyewe. Hata mimi, mtu wa vitambaa, nilikuwa nimeshaelewa.

Wabelgiji hao siwasifu. Waliiosha mashine kila Jumamosi kwa maji safi, na katika kambi ya wachimbaji alikokulia mume wangu watu walipanga foleni kwenye bomba moja. Waliitunza mashine, watu hawakuwatunza. Waliokuja baada yao hawakutunza kimoja wala kingine, wakaliita hilo uhuru.

Gesi ilianza kuchelewa kufika, kisha ikawa haifiki. Kipima gesi kilikwenda kuazimwa na afisa mmoja aliyekuwa na friji mbovu nyumbani, na hakikurudi. Machujio yalipochanika mume wangu alikata blanketi la zamani akashona mengine, tena kwa uzi wangu. Wakati ule jambo hilo liliitwa article quinze: jitafutie. Nchi nzima iliishi kwa sheria hiyo, na nasema kweli, ndiyo sheria pekee iliyofuatwa.

Lakini ukaguzi haukukoma hata siku moja. Mkaguzi alitoka Lubumbashi, ofisi kuu, akiwa na kazi ya kutazama kama vyombo vya kampuni vinatunzwa kwa kanuni. Nitaeleza kanuni zake kwa sababu nilizishuhudia kutoka dirisha la jiko. Alifika, akakalishwa, akaletewa bukari, yaani ugali, na kuku na bia, maana mkono mtupu haulambwi. Baada ya kula alisimama kwenye kivuli cha ukuta, akaitazama mashine kwa mbali huku akichokoa meno. Kama inang'aa, inatunzwa. Kama haing'ai, fundi ni mvivu. Hakufungua kifuniko hata kimoja, na mikono yake ilirudi Lubumbashi safi kuliko ilivyokuja.

Basi watu wakajua cha kufanya. Mashine ya kusukuma maji ilipakwa rangi. Tanuri la maji ya moto likapakwa rangi juu ya kutu. Mawe ya kando ya barabara yakapakwa chokaa, na miti pia, mpaka kiunoni. Funika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu alipita, akaandika vizuri, akarudi kwao na kuku wengine wawili wakiwa hai kwenye kapu.

Mwaka ninaousimulia ilitangazwa kwamba mkaguzi atakuja pamoja na mkubwa mmoja wa kutoka Kinshasa, mtu wa chama kilichotawala. Mkurugenzi wetu akaingiwa na wazimu. Alituita wote uani, wapishi, wafagizi, mume wangu, mimi, akasimama juu ya ngazi ya jiko.

"Yote itakuwa vert," alisema. "Milango, bukuta, mabanc, na ile mashini."

Vert ni kijani, na kijani ilikuwa rangi ya chama. Mume wangu akainua mkono.

"Tata directeur, ku kifuniko tutapaka muzuri. Lakini ku mbavu, rangi itafunga njia ya hewa. Mashini itakosa pumuzi."

"Pumuzi? Ile njo muntu?"

"Hapana, tata. Lakini joto ya mu nyumba inatokeaka pale."

Mkurugenzi alishuka ngazi, akamsogelea, akaongea taratibu kama mtu mwenye huruma. "Sikia. Ile mukubwa atakuta kila kitu iko vert, mashini yako peke iko na rangi ya Babelge. Ataniuliza sababu. Mi nimujibu nini? Nimwambie kuko muntu huku anakatala rangi ya parti?"

Mume wangu alijibu, "Hapana, tata."

Mkurugenzi huyo alikuwa injinia. Alijua mbavu ni nini kuliko sisi sote. Katika habari hii hakuna mjinga hata mmoja, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo, mjinga ningemsamehe.

Wakaleta pampu ya kupulizia rangi kutoka gereji ya magari, na mume wangu akaishika mwenyewe. Tena akapiga rangi mara mbili, sawasawa, hakuna tone, kwa sababu hakuwa amejifunza kufanya kazi vibaya. Alirudi nyumbani na nyusi za kijani. Nikamwekea chakula mezani bila kumtazama.

"Umeua mashini yako na mikono yako," nilimwambia.

"Mama, mu nyumba ya kampuni unapaka bile banakuambia kupaka."

"Na kisha?"

"Kisha mugeni ataenda, nitakwangula."

Lakini wakubwa wana desturi ya kuchelewa, na huyu alichelewa hadi joto likakomaa. Kukwangua rangi mapema hakukuwezekana. Vijana wa chama walikuwa wamewekwa getini kulinda mapambo, na mtu anayekwangua rangi ya chama mchana kweupe, katika mji uliotoka vitani karibuni, anaitwa jina ambalo sitalitaja sasa, maana litakuja. Mashine ilianza kujikata yenyewe kila jua lilipopanda. Inanguruma, inalalamika, inanyamaza. Mume wangu alikaa pembeni yake na mpira wa maji wa bustani, akiimwagia ubavuni kama mtu anayemkanda mgonjwa, na kwa maji hayo ikaweza kwenda.

Siku ya ugeni ikafika. Asubuhi mkaguzi alikuja kwanza, peke yake. Mume wangu alikuwa ameimwagia mashine tangu alfajiri, na ukumbini kulikuwa na baridi ya kweli. Mkaguzi aliigusa rangi kwa kidole kimoja, akanusa kidole.

"Iko en règle," alisema mbele yetu sote, yaani iko kwa kanuni. "Bengine bangekuya huku kujifunza."

Akaenda kunywa chai. Muda mfupi kabla ya mgeni kuingia, mkurugenzi akakumbuka bwawa la maua mbele ya nyumba, lile lenye bomba la kurusha maji juu, ambalo lilikuwa halijarusha kitu kwa miaka. Akaamuru lifunguliwe ili mgeni ayaone maji yakiruka. Yaliruka. Na mpira uliokuwa mikononi mwa mume wangu ukalegea, ukatoa matone, ukakauka. Mashine ikazima saa sita, wakati akina mama wa chama wanacheza na kuimba barabarani kumpokea mkubwa.

Ukumbi ule ulijengwa kwa mashine. Madirisha yake yalikuwa vioo vikubwa visivyofunguka. Wageni walipoingia, wanaume katika abakosti, koti za chama zisizovaliwa na tai, za kitambaa kizito na skafu shingoni, mkurugenzi akaamuru milango yote ifungwe ili baridi isitoke. Naomba nirudie kwa ajili ya atakayesoma haraka: mashine imekufa, jua la Kolwezi liko juu ya bati, na mtu msomi anafunga milango ili baridi isitoke.

Nilizunguka na sinia la bia. Siagi mezani ilikuwa imegeuka mafuta. Akina mama wa nyuma, waliotoka kucheza juani, walianza kujipepea kwa ncha za vitenge, na kijana mmoja wa chama akawapitia akiwanong'oneza, "Bamama, muache kupepea, munahaibisha nyumba." Wakaacha. Mwanamke mmoja mwenye mimba aliegemea ukuta akafumba macho. Mkaguzi alisimama kusoma hotuba kuhusu utunzaji wa vyombo, akaitaja mashine ya baridi kuwa mfano kwa mkoa mzima, na kutoka kidevuni mwake jasho lilidondokea karatasi aliyoishika. Watu wakapiga makofi. Viganja vyao vililia kama nguo mbichi.

Mwishowe mkubwa wa Kinshasa akauliza kwa Kifaransa kama ukumbi huu una mashine ya baridi. Mkaguzi akajibu kwamba ipo, inakwenda vizuri kabisa, ameihakiki mwenyewe. Mkurugenzi akasema ndiyo. Afisa aliyeazima kipima gesi akasema yeye hata anasikia baridi kidogo mabegani. Mkubwa akawatazama mmoja baada ya mwingine, akaelewa ni jambo gani linalotakiwa kwake, akasema kweli, hewa ni nzuri. Nilidhani limekwisha. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mkurugenzi alitaka kulipamba zaidi. Akamwita mume wangu aliyesimama mlangoni katika ovaroli iliyopigwa pasi.

"Tata frigoriste, ambia mugeni. Mashini inatembea namna gani?"

Mume wangu alipiga hatua moja mbele. Nilimwona akilainisha nywele zake kwa kiganja, na nikajua tumekwisha.

"Mashini imekufa tangu saa sita, tata," alisema. "Mu hii nyumba kuko joto."

Nilimuuliza baadaye kwa nini. Hakusema habari ya ukweli wala ya haki. Alisema hakuweza kuvumilia kusikia maiti yake ikisifiwa na watu wanaojua kwamba ni maiti. Ni majivuno, basi. Lakini katika ukumbi mzima hayo ndiyo majivuno pekee yaliyokuwa na msingi.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Saboteur." Hilo ndilo jina: mhujumu. Miaka ile lilimtoa mtu nyumbani kwa jipu, lile gari la askari, na mke hakuambiwa jipu limeelekea wapi. Nikaliweka sinia langu juu ya meza ya mkubwa mwenyewe. Niliogopa. Niliogopa kuliko siku za vita.

Mkaguzi ndiye aliyeokoa shughuli. "Huyu tata eko mugonjwa," alisema, akicheka kidogo. "Muntu mwenye kusikia joto mu baridi ya namna hii, eko na homa."

Ukumbi mzima ukapumua. Wakacheka, wakasikitika, wakasema maskini, na amefanya kazi kwa bidii sana. Kuna watu wameniambia mkaguzi yule alimwokoa mume wangu na jipu. Inawezekana alimwokoa, kama vile mtu anayekimbia moto anavyoweza kumfungulia jirani mlango kwa kuupiga kikumbo.

Daktari wa kampuni alikuwa miongoni mwa wageni, naye na abakosti yake. Walimpeleka mume wangu katika chumba kidogo cha pembeni nilimoweka vitambaa vya meza, na mimi nikaingia nyuma yao. Daktari alimwekea mkono kwenye paji la uso. Mkono wenyewe ulikuwa umelowa. Jasho lilitoka puani mwake likaangukia ovaroli ya mume wangu.

"Homa," alisema.

"Docteur, jiguse na weye ku uso," nilimwambia.

Hakukasirika. "Mama, kama unapenda bwana yako, nyamaza. Homa ni kitu kidogo. Kuko majina ingine kubwa."

Alikuwa sahihi katika hilo, na nilimdharau kwa kuwa sahihi. Hapo mkurugenzi akaingia na mkaguzi, akarudisha mlango. Akaeleza haraka, kwa maana mgeni alikuwa anasubiri nyama. Mume wangu ataandikwa mgonjwa, asiyefaa tena kazi ya mashine. Hakutakuwa na jipu. Nyumba, kwa kawaida, ingerudi kwa kampuni, lakini mimi pia nilikuwa mfanyakazi, na yeye angeweza kuiacha kwa jina langu, watoto wabaki shuleni.

"Lakini mi nataka kujua kama ile homa haikukukamata na weye," alisema. "Sababu munalala pamoja. Sema tu, mama. Unasikia aje mu hii nyumba?"

Alikuwa ananiuliza kwa upole. Shati lake lilikuwa limeganda mgongoni, na skafu yake ya hariri imekuwa kamba. Neno moja lilitosha, na mdomo wangu ulikuwa tayari kwa neno hilo, sifichi. Nikamtazama mume wangu anipe ishara. Hakunitazama. Alikuwa anatazama sakafu kwa uso wa mtu aliyekwisha kunisamehe, kabla sijasema lolote. Kusamehewa kule ndiko kulikonishinda.

"Kuko joto, tata directeur," nilisema. "Hata weye, nguo inakushika ku mugongo."

Tukawa wagonjwa wawili. Mimi niliandikwa uchovu wa akili. Tuliondoka Kolwezi kwa treni kwenda Tenke, kwa kaka yangu aliyekuwa na kibanda cha biashara karibu na kituo, na godoro tulilibeba kichwani kama wengine wote. Mashine haikutengenezwa, kwa maana haikuwahi kuharibika. Mtu wa jikoni aliyepita Tenke alituambia kwamba fundi mpya anaifuta vumbi kila juma na mkaguzi anaisifu kila anapokuja. Mume wangu alicheka kwa habari hiyo mpaka akakohoa. Alikuwa anatengeneza baiskeli wakati huo, na alizitengeneza vizuri, akijisifu.

Binti yetu wa kwanza alikuwa anakaribia kumaliza shule ya kampuni. Alitaka kuwa mwalimu, na walimu wake walisema ataweza. Tenke hapakuwa na shule ya daraja lake, na pa kumpeleka kwingine hatukuwa napo. Hakulia mbele yetu. Alichukua ndoo na kikombe akaanza kuuza maji kwa abiria wa treni, na kwa muda mrefu hakuniuliza kitu. Aliniuliza mchana mmoja wa mwezi wa kumi, tumekaa ndani ya nyumba ile ya tofali mbichi, bati bila dari, hewa imesimama.

"Mama, ilikuwa neno moja tu. Sababu gani haukusema kuko baridi?"

"Kulikuwa joto, binti yangu."

"Najua, mama," alisema. "Hata bao, bale bakubwa, balijua."

Treni ikapiga honi upande wa Fungurume, akajitwisha ndoo yake, akaenda kituoni.